Likizo Niliyopewa Kiwandani

Ijumaa, Somanda.

Bahati yangu mimi, Bariadi nzima wangegawana na ingebaki. Kiwanda kizima cha pamba, likizo yenye malipo kapewa nani? Mimi peke yangu! Bosi mwenyewe kanishika bega: "Fundi, nenda kapumzike, tutakupigia." Mke wangu aliposikia alipiga vigelegele. Wiki ya pili hii nakula likizo.

Leo kaka yake, Masanja, kafika kutoka Lalago na begi lake. Duka alilokuwa analinda limempunguza. Na mimi na mdomo wangu huu! "Shemeji, kumbe umemwaga unga! Kibarua kimeota nyasi mpaka ng'ombe wanachungwa humo!" Mke wangu kacheka hadi kashika ukuta. Masanja naye kacheka, kisha akalivuta begi lake karibu.

"Nicheke tu, shemeji. Ila Jumatatu nipeleke kwa bosi wako. Hata marobota ya pamba nitabeba. Watoto wameshaanza kushindia uji."

"Hilo tu? Bosi hanikatalii kitu."

Sijui kwa nini nilisema vile. Sasa kachinjiwa kuku, na shati lake la Jumatatu liko kwenye kamba, mke wangu kalifua mwenyewe. Nikimwambia bosi kasafiri, atamsubiri hapahapa. Nikimwambia nafasi zimejaa, ataenda mwenyewe kuulizia, aanze na kutaja jina langu, na mlinzi wa getini ana mdomo kuliko mimi...

Likizo hakuna. Nimefukuzwa kazi.