Vikombe Viwili vya Wadudu

Lubumbashi, Golf, tarehe 14 Februari

Yaya Albertine, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na watoto wote hapo Pweto. Je, kifua cha Bénie kimepoa? Na samaki wanakaukaje na mvua hii? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, na utaona sababu kabla karatasi haijaisha.

Umeniandikia kwamba tangu shemeji Chishimba afukuzwe kazi hapa, unampikia lakini humsemeshi, na kwamba mimi mdogo wako ndiye niliyeokoa heshima ya familia. Yaya, tafadhali usiseme hivyo tena.

Unajua Madame Olive, tajiri wetu, aliagiza houblon kutoka mbali, ule mmea unaopanda juu ya kamba, ambao maua yake hutia bia uchungu. Anataka kupika bia yake mwenyewe. Shemeji aliutunza kama mtoto mchanga. Alipokwenda Mokambo kumzika mjomba wake, aliniachia mimi msaidizi wake mashina ishirini na maagizo machache: nikague chini ya majani kila asubuhi, nikiona chawa wa mimea niwanyunyizie maji ya sabuni, kingine chochote nisikiguse mpaka arudi.

Nikakagua. Chawa wenyewe ni wa kijani, wadogo kuliko mbegu ya mboga ya lengalenga, na mimi sikuwaona. Nilichoona ni vidudu vyeusi vyenye miba na madoa ya rangi ya chungwa, vinatambaa kama mamba wadogo. Sura mbaya ajabu! Nikajiambia adui ndiye huyu. Nikavikusanya kwa mkono siku tatu, vikajaa vikombe viwili, nikavichoma moto. Kisha nikaenda jikoni kujisifu kwa mpishi, Keren.

Baada ya wiki mbili majani yalinata, yakawa meusi kama sufuria ya makaa, na maua mengi yakakauka. Madame akamwita agronome, mtaalamu wa kilimo, bwana Ntumba. Alipindua jani moja tu. Akaeleza kwamba mtu ameua watoto wa coccinelles, wale wadudu wekundu wa madoa meusi, na hao ndio wanaokula chawa. Madame akauliza ni nani. Nilikuwa pale pale. Shemeji, aliyekuwa amesharudi, alinitazama, akasema: “Ni miye nilimutuma. Yeye hana na makosa.”

Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Mimi nikapewa kazi yake, chumba chake na buti zake. Ntumba alisema chawa huingia hata na nguo, basi Madame amenikataza kutoka langoni mpaka mavuno. Misa naisikia kutoka ng'ambo ya ukuta. Lakini hata lango likifunguliwa, niende wapi na uso huu?

Alipokuwa akiondoka, shemeji alinisihi nisikuambie kamwe. Alisema umenilea tangu mama afariki, na hataki nipoteze nafasi yangu moyoni mwako. Nikakubali, nikakuacha umnunie mume asiye na kosa. Naona haya, yaya.

Keren anakuja huko kununua samaki, ndiye niliyempa barua. Jioni ya leo nitamwambia Madame ukweli, yatakayonipata na yanipate.

Wabusu watoto. Shemeji mketishe karibu nawe, umsomee yote haya kwa sauti. Ndani ya mfuko wa Keren mna buti za shemeji, nimezisafisha. Mimi nimebaki peku.

Mdogo wako,
Paulin