Hoteli Niliyokujengea, Shangazi

Najma, Doha,
Qatar.
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Halima,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Na lile jino ulilosema utaling'oa wiki ijayo, hebu ling'oe, maana hiyo wiki ijayo yako haifiki. Bibi hajambo? Bado anagombana na redio? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Masomo yanakwenda, na mgonjwa wa kwanza niliyemchoma sindano kwa mkono wangu yu hai mpaka leo, tena alinishukuru.

Utashangaa kuletewa karatasi badala ya kusikia sauti yangu kwenye simu. Aliyekuletea ni Abdallah, yule dereva wa Pongwe anayeendesha basi la hoteli huku, amekuja likizo. Mpe chai, mtu mwema, ila usimruhusu aanze hadithi za magari, utashindwa kuswali Isha. Sababu ya barua ni kwamba simu yangu siku hizi tunaitumia wawili, mimi na Ikhlas ninayekaa naye chumba kimoja, kwa kuwa yake imekufa. Na haya ninayokuandikia Ikhlas hatakiwi kuyaona wala kuyasikia. Kiswahili hajui, lakini simu za sasa zinamtafsiria mtu kila kitu.

Sasa kaa kitako. Umekaa? Shangazi, nimekujengea hoteli.

Wewe unayejijua unauza chapati na maharage barazani kwako Barabara ya Kumi na Tatu, huku Doha unajulikana una hoteli kubwa ya chakula hapo Tanga, juu na chini, viti vya bluu na feni kila upande. Bado hujaifungua, unatafuta vyakula vya kuweka. Uongo huo nimeutunga mimi, wala sikusaidiwa na mtu. Kabla hujanilaani nisikilize kwanza, maana nataka unisaidie kuuendeleza.

Ikhlas ni Msudani wa Omdurman, tunasoma naye uuguzi. Mrefu, mkimya, kwa usafi anakushinda hata wewe, na hilo silisemi kwa mzaha. Ada yake ililipwa zamani mpaka mwisho, lakini matumizi alikuwa akitumiwa na kaka yake mwenye duka. Vita vya kwao vimeliunguza duka, kaka amekimbilia mpakani, na mama yake simu haipatikani tangu mwezi wa nane. Haya yote sikuyajua. Yeye hasemi.

Mimi unanijua, siwezi kutia tonge mdomoni mbele ya mtu bila kusema karibu. Kila nikimkaribisha Ikhlas, jibu ni moja tu, amefunga. Jumatatu amefunga, sawa, sunna hiyo. Alhamisi amefunga, sawa. Jumanne je? Analipa siku zake za Ramadhani. Nikamwona mcha Mungu kweli, nikajionea aibu na kitumbo changu, hata nikawa nakula jikoni nimesimama ili nisimtie majaribuni. Mjinga mimi!

Kisha siku moja akaniomba pedi, nikampa. Adhuhuri ikaadhiniwa hakuswali, nikajua ni kwa nini. Jioni nikapakua wali, nikasema karibu Ikhlas, akanijibu hata macho hakuinua, kwamba amefunga. Shangazi, mambo hayo ulinifundisha wewe mwenyewe nilipovunja ungo. Mwanamke aliye kwenye siku zake hafungi. Kijiko kilinishinda. Nilimwangalia mikono yake, nikaona saa inazunguka kwenye mkono imekuwa pana, nikajua mwenzangu ana njaa, na ni ya siku nyingi.

Nikafanya nilivyozoea, yaani bila akili. Nikanunua chakula, nikamwekea juu ya kitanda. Akakirudisha juu ya kitanda changu kimefungwa vilevile, akaniambia yeye si ombaomba wa mlangoni mwa msikiti, halafu akaninunia. Weee! Kununa kwa Ikhlas ukuone. Anakutandikia mpaka kitanda chako kwa adabu, lakini neno hakupi. Nampenda kwa kiburi chake hicho, na kwa kiburi hichohicho ningemzaba kibao.

Ndipo hoteli yako ikajengwa. Nilimwambia nina shangazi Tanga anafungua hoteli ya vyakula vya dunia nzima, kaniagiza nizunguke Doha nionje kila kitu cha bei nafuu nimpelekee habari, lakini ulimi wangu haufai, kwetu wote wanajua siwezi kutofautisha bizari na manjano. Nikasema umetoa fedha ya walaji wawili, kazi ikifanyika vizuri. Akanitazama sana. Kisha akauliza kama shangazi anataka ukweli au anataka kusifiwa. Nikamjibu shangazi yangu ukimsifia chakula kibaya anakufukuza barazani. Hapo tu sikusema uongo.

Fedha usihangaike nayo. Posho yangu ya ufadhili inatutosha tukila kwa akili. Watu wakiiona Doha kwenye picha wanadhani ni ile minara ya vioo ya West Bay peke yake. Huko hatuli, Shangazi, huko hata maji wanakuletea na mtu wa kukumiminia. Sisi tunakula Najma na Mansoura, mitaa ya wafanyakazi, ambako sahani moja ya biriani ukiiagiza wanakuuliza mko wangapi.

Tulianza na chai. Huku wanaiita karak, chai ya maziwa na iliki iliyochemshwa mpaka imekoma. Desturi yao, unasimamisha gari nje ya duka, unapiga honi, kijana anakimbilia dirishani kwako. Sasa sisi tuna miguu tu. Tulisimama katikati ya magari makubwa hatuonekani, kila kijana anatupita. Nikachoka, nikapiga kelele piiii! kwa mdomo. Barabara nzima ikageuka. Ikhlas alicheka mpaka akashika ukuta, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Chai tuliipata, na chapati ya yai iliyofungiwa chipsi za pakiti ndani yake. Wewe utasema ni mchezo wa watoto, lakini Ikhlas aliimaliza, akatoa hukumu kwamba iliki imezidi.

Kwa Wayemeni wanawake tunawekwa nyuma ya pazia. Mnakaa kwenye zulia, wanatandika nailoni chini, sinia la wali na mbuzi linatua katikati. Mkimaliza, nailoni inakunjwa na mifupa yake inatupwa. Hapo ungefurahi, wewe na goti lako hamtaosha kitu. Wanepali wana sambusa wanazipika kwa mvuke badala ya mafuta, zina pilipili ya kukutoa machozi. Wafilipino wana mchuzi wa samaki mchachu, wa ukwaju mtupu, nikaunywa kama nimefika nyumbani. Na wale Wahindi wa kusini, tobaa! Wana chapati za kupigwapigwa mpaka zinaachana nyuzinyuzi, wanakula na nyama iliyokaangwa na vipande vya nazi. Hiyo Ikhlas alikuwekea kwenye menyu palepale.

Maana kazi yako ameichukua kwa moyo wote. Anaonja kwanza bila kusema, anafumba macho, halafu ananihoji. Watu wa Tanga wanapenda nini asubuhi? Samaki wanapatikana mwaka mzima? Feni mara ngapi zinafutwa vumbi? Rangi ya viti ni yeye aliyeichagua. Mimi nilikuwa nimesema kijani, akasema kijani ni cha hospitali. Mashavu yamerudi, Shangazi. Saa imeacha kuzunguka mkononi.

Nusura mambo yaharibike kwa Milka. Huyu ni Mkenya, mlinzi wa jengo kule West Bay. Ijumaa, maana huku hata makanisa yanasali siku hiyo ya mapumziko, akitoka kanisani Mesaimeer anatuita kwake tule ugali na sukuma. Ikhlas akaanza kumweleza habari za hoteli yako, na Milka, ambaye nilishamsimulia ukoo wetu wote, akaropoka. "Haiya! Si aunty yako ni yule wa kuuza chapo na maharagwe kwa baraza? Hoteli imetoka wapi?" Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. "Woi! Aki pole," akasema, "huyo nilikuwa nafikiria aunty ule mwingine." Kwa hiyo sasa nina mashangazi wawili, wewe tajiri na mwenzio wa maharage. Nilipomweleza Milka faraghani, alilia, halafu akaanza kutupikia hadi chapati za kubeba, eti nazo zifanyiwe majaribio.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumanne iliyopita tulipita duka dogo la Wasudani, nyuma ya soko, ambalo siku zote Ikhlas alikuwa akilikwepa. Safari hii aliingia mwenyewe. Tukaagiza ful, yale maharage yao ya asubuhi yanayoliwa na mafuta ya ufuta na jibini. Yalipoletwa aliyatazama tu. Akasema hayajapondwa. Mama yake huyaponda kwa kitako cha chupa ya soda. Akanyanyuka, akamwomba mpishi chupa tupu, akaiosha, akakaa akaponda polepole, akazungushia mafuta, akanimegea mkate. Alikula huku machozi yanamtoka na hakuyafuta. Mpishi alimwona, akageuka akajifanya anapanga vikombe. Mimi nililia waziwazi, unanijua.

Tulipotoka alikuwa mwepesi, ananishika mkono. Akaniambia nimwandikie shangazi kwamba kimepatikana, ful ndiyo iwe chakula cha hoteli, kazi imekwisha, naye anakushukuru kwa kumwamini.

Jana nimepakua wali wa maharage. Karibu, Ikhlas. Akaniambia amefunga.

Jana ilikuwa Alhamisi, ingeweza kuwa kweli. Lakini na Jumatano alifunga, na leo Ijumaa nimemwacha amelala mchana, kajikaza kitambaa tumboni kuizuia njaa. Kazi yako imekwisha, na chakula ambacho hajakifanyia kazi hali. Nimekwenda kwa mlezi wa wanafunzi, wanamshughulikia apate posho, mwalimu yule ni mtu wa huruma na ameniahidi, ila itaanza muhula mpya, mwezi wa pili. Mpaka huo mwezi wa pili nitamlisha nini mtu ambaye hataki kulishwa?

Kwa hiyo nakupigia magoti, Shangazi. Ukimaliza kuisoma hii, chukua simu ya mwanao Nassoro, maana yako inakoroma, unirekodie sauti. Najua uongo ni uongo, na nikifika nyumbani nitasikiliza mawaidha yako yote nimekaa chini kwenye mkeka. Lakini sasa hivi uwe mwenye hoteli. Ful usiikatae, nakuomba, ile ni ya mama yake. Ipokee, sema umeipenda na utaiponda kwa chupa vilevile. Lakini ful ni ya asubuhi. Mchana wateja wale nini? Na usiku? Na ukipata watu wa harusi je? Uliza kwa nini hujaletewa habari za samaki, na nani kamwambia kazi imekwisha wakati mwenye kazi hujasema. Kila tutakachokupelekea, kitafutie kasoro. Kimezidi chumvi, kimepungua ndimu, warudi wakaonje tena. Usiridhike, Shangazi. Mpaka mwezi wa pili usiridhike na chochote.

Nisalimie Bibi, mwambie nimeacha kula kwa kusimama. Nisalimie Nassoro, na jirani yetu Bi Mwanamkuu, ambaye nakuomba usimwambie kitu, la sivyo mtaa wote wa Ngamiani utakuja kuomba kazi ya kuhudumu hotelini. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulindie hicho kibaraza chako na akijaze wateja wenye njaa na wenye shukrani.

Nimalizie na hili. Kwenye hiyo sauti usijifanye mpole kwa kuwa ni mgeni. Kiswahili hatakielewa, mimi nitamtafsiria, lakini sauti ataielewa. Gomba vile unavyonigomba mimi nikichelewa kurudi, na jina lake ulitaje, Ikhlas, halafu mwisho useme mwanangu. Usiku mmoja aliniambia kitu anachokikosa kuliko vyote ni mama yake kumfokea kwa nini hajala. Tangu mwezi wa nane hakuna mtu mzima aliyemfokea. Mgombeze, Shangazi.

Ni mimi mwanao, mwongo wako nikupendaye,

Rukia