Mgagani wa Uani kwa Meneja

Mjukuu wangu Bhoke,

Huku Mwisenge hatujambo, na mama yako amepona homa. Unasema huko kwenye baridi na mvua jirani anataka ung'oe maua ya porini yanayoota kwenye nyasi zako.

Miaka ile ya uhaba nilikuwaga namwagilia nyasi za meneja mmoja hapa Musoma. Mgagani ukaota humo, nikauomba nikawapikie watoto.

Akasema, "Ng'oa, choma. Ukitoka nao hapa usirudi."

Nikaufunga kwenye kanga, nikatoka nao. Watoto walikula, kazi ikaishia hapo. Mpaka leo nikimkumbuka nakunja ngumi.

Yaache maua yako. Jirani akikusumbua, mwambie bibi yako amekataa.

Bibi yako,
Wegesa