Pale Amosi Aliposevu

Issuna, 12 Mei 2024

Derick,

Nakusalimu. Natumaini unalala na chakula kinashuka. Mimi ni mzima wa kutembea, ni magoti tu yananisumbua asubuhi kukiwa na baridi, na alizeti bado iko shambani.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike Amosi sijakuandikia, na siku ya hukumu yako sikuja mahakamani. Dada yako Ritha alinikuta sokoni akaniambia umepewa miaka mitatu. Nikamjibu "haya", nikaendelea kuchagua nyanya. Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha pikipiki, mwanangu alikuwa amekaa nyuma yako, na mpaka leo sijui nianzie wapi kukuchukia wala kukuhurumia. Vyote nimeviacha.

Nakuandikia kwa shida moja. Ni ile kompyuta ya Amosi, yenye kioo kinene cha chogo, mliyoinunua pamoja ikiwa imeshatumika. Tarehe 14 Septemba tunajengea kaburi, na siku hiyo ndugu watagawana vitu vyake, ndivyo tunavyofanya kwetu. Shemeji yangu Stanley ameshasema kompyuta ni yake. Ataipeleka kwenye duka lake la steshenari pale Mandewa, aifute yote iwe ya kuchapia barua. Simkatalii. Lakini kabla haijaondoka nataka nione pale Amosi alipofika katika lile gemu lenu la bunduki.

Nilikuwa nakaa nyuma yake nikichambua mchicha. Gemu lile halionyeshi mtu mzima, linaonyesha mikono miwili imeshika bunduki, basi. Mimi nilizoea kuona ni mikono yake. Siku moja aliniambia, "Mama, nikisevu hapa, hata nikirudi baada ya mwaka utanikuta nimesimama hapa hapa." Alisema akiwa anatafuna, hata hakunitazama.

Nimeiwasha mara nne. Naona jina lake limeandikwa AMOSI, na picha ndogo pembeni. Nikilibonyeza, picha inakatika vipande vipande, inaganda, halafu mashine inazima yenyewe. Hapa kijijini hakuna anayeijua mashine hii zaidi yako. Niambie nifanyeje. Niandikie taratibu, mimi ni wa darasa la saba.

Ritha ndiye anayeleta barua hii. Jibu mpe yeye.

Mama Amosi


Issuna, 23 Juni 2024

Derick,

Habari za huko. Huku upepo wa Juni umeanza, tumepura alizeti na macho yote yamejaa vumbi. Afya si mbaya.

Ritha amekuja kwako mara mbili, amerudi bila barua. Labda umeumia kwamba nimekutafuta kwa ajili ya mashine na si kwa ajili yako. Ukiwa umeumia una haki, lakini nijibu.

Wiki iliyopita nilifungua lile bati la ubavuni mwa sanduku la mashine. Ndani vumbi limeshonana kama sufu ya kondoo. Nikaogopa kugusa, nikalirudisha. Amosi alikuwa anavua ndala moja na kuweka mguu juu ya sanduku hilo, anasema anampima mgonjwa homa. Na mimi nimeweka mguu. Linachoma hata kabla gemu halijafunguka.

Juzi Stanley alipita. "Shemeji, hili dude si nilibebe tu leo? Linakulia umeme bure." Nikamwambia Septemba. Akacheka, "Unafikiri Septemba iko mbali?"

Haiko mbali, Derick.

Mama Amosi


Gerezani, 8 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo. Kifua kilinibana mwezi wa sita, sasa kimeachia. Poleni na vumbi la alizeti.

Mama, nilikujibu tarehe 26 Mei, siku ile ile niliyopata barua yako. Ila barua zetu zinasomwa kabla ya kutoka. Afande Noel aliniita akiwa ameishika. "Wewe Derick, hii ni barua ya mama au mpango wa vita? 'Zima vivuli. Ondoa moshi. Adui akitokea dirishani usimjali.' Adui gani huyo?" Nikamwambia, ni gemu, afande. "Gemu! Mama wa Issuna anacheza gemu la bunduki?" Wenzangu wakacheka. Nikamweleza wewe ni mama wa nani. Akaikunja barua, akasema hata hivyo lazima wakubwa waione. Ikakaa ofisini wiki sita. Juzi amenipa karatasi mpya, ameniambia niandike upya na nisitaje adui. Kwa hiyo simtaji.

Mashine yetu ni mgonjwa wa siku nyingi. RAM yake ni ndogo, kadi ya picha haina feni, na gemu lenyewe, ingawa ni la zamani, lilitengenezwa kwa mashine yenye nguvu mara mbili ya ile. Sisi tulikuwa tunalivua nguo. Amosi alikuwa akisema, "Litoe shati, litoe viatu, libaki na kaptula, litakimbia tu."

Anza na vumbi. Chomoa waya wa umeme kabisa. Tafuta brashi ya rangi iliyo kavu, usitumie kitambaa chenye maji. Zuia feni ya ndani kwa kidole isizunguke, kisha piga vumbi taratibu mpaka litoke. Bati la ubavuni usilirudishe. Acha wazi, elekeza pale ile feni yenu ya mezani.

Ukifungua gemu, usibonyeze jina lake kwanza. Bonyeza OPTIONS, halafu VIDEO. Namba za juu kabisa chagua 640 x 480. Picha itakuwa na chenga kama ya gazeti, lakini haitaganda. SHADOWS ni vivuli, weka OFF. SMOKE ni moshi, WATER ni maji, vyote OFF. Palipoandikwa VIEW DISTANCE, vuta ile alama mpaka mwisho wa kushoto, ili vitu vya mbali visichorwe, paonekane ukungu tu. Kila unachokitoa, mashine inapumua. Sasa rudi kwenye LOAD, bonyeza jina. Baada ya hapo usiguse kitu. Mahali pale pametulia, hutapata usumbufu.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuambia, mama, ila karatasi imeisha.

Derick


Issuna, 28 Julai 2024

Derick mwanangu,

Nakusalimu sana, na huyo afande wako msalimie. Kifua hicho usikidharau, vaa nguo nzito.

Imewaka.

Nilipiga vumbi asubuhi nzima, nikapiga chafya mpaka jirani yangu Anastazia akaja kuuliza kama nina mafua. Nikafanya yote ulivyoandika, karatasi yako nimeilaza kwenye meza, kidole kwenye mstari. Nilipobonyeza jina lake nilifumba macho. Nilipofumbua, mikono ilikuwa pale.

Sasa kila siku saa nne asubuhi, watu wakishakwenda shambani, naiwasha. Inadumu kama robo saa, halafu inazidiwa na joto na kuzima. Robo saa inanitosha. Siigusi, sitaki kumsogeza alipo. Naona zile glovu nyeusi, naona sakafu ya mbao na majani yameota katikati ya mbao. Hakuna kivuli hata kimoja, kama saa sita mchana. Mikono haijatulia kabisa, inapanda na kushuka kidogo, kama ya mtu anayehema. Hilo hukuniambia. Nililia, halafu nikazoea. Namsimulia mambo. Kwamba mbuzi mweusi amezaa mapacha. Kwamba Anastazia ameezeka bati. Kwamba ile fulana yake ya mistari naivaa mimi nikipika.

Nakuuliza kitu. Kwa nini anatazama chini? Alipokuwa mdogo, ukimgombeza alikuwa anatazama vidole vya miguu yake mpaka umalize. Kama siku ile alikuwa na jambo moyoni, niambie, nitavumilia.

Nimezungumza na Stanley. Nimemwambia amchukue yule mbuzi mweusi na watoto wake wote wawili, kompyuta aniachie. Amekubali, ingawa ananiona nimeanza kuchanganyikiwa.

Nakutumia sabuni na karanga. Nimeanza kukuombea, nataja jina lako baada ya lake.

Mama yako


Gerezani, 11 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Sabuni na karanga nimepata. Mwili ni mzima. Asante kwa kuniombea, ingawa ukimaliza kusoma barua hii utaamua mwenyewe kama utaendelea.

Umeuliza kwa nini anatazama chini. Ni kwa sababu ya mashine. Ukitazama mbali, inalazimika kuchora kila nyumba na kila mti, inaelemewa. Ukitazama chini inachora sakafu peke yake, inapata nafuu. Sote wawili tulikuwa tunatazama chini kabla ya kusevu, isije ikaganda katikati. Hakuwa na huzuni.

Ningeweza kuishia hapo. Afande Noel aliyesoma barua yako ameniambia niishie hapo. "Muache mama wa watu," amesema. Nimekaa siku nne na kalamu. Lakini umetoa mbuzi, mama.

Anayetazama chini ni mimi.

Siku ile ya ajali, kwenye saa tisa mchana, Amosi alikwenda kuoga ili tuondoke kwenda Ikungi. Akaniachia kiti. Alikuwa amekwama wiki tatu kwenye daraja moja ndani ya gemu. Kila akifika katikati, moshi unakuwa mwingi, mashine inaelemewa, picha inaganda, ikirudi anakuta ameshaanguka. Nilikuwa nimemwambia azime moshi, hakutaka. Alisema daraja bila moshi si daraja. Basi mimi nikauzima, nikatazama chini, nikavuka mara moja tu. Nikafurahi kama mjinga. Nikasevu. Sikufungua nafasi mpya, nilisevu juu ya jina lake. Yake ikafutika. Hapo unapokaa naye kila asubuhi, yeye hakuwahi kufika.

Alipotoka kuoga akaona. Unamjua, hakupiga kelele. Alianza tukiwa barabarani. "Wiki tatu, Derick! Ungeniacha nivuke mwenyewe." Nikamjibu, "Nimekuvusha mgongoni, mzee, sema asante." Akanigonga kofi kwenye helmeti. Nikageuza kichwa kumcheka.

Mahakamani nilisema ni vumbi la lori. Vumbi lilikuwepo. Lakini mimi nilikuwa natazama nyuma.

Mwambie Stanley arudishe mbuzi.

Derick


Issuna, 15 Septemba 2024

Derick,

Barua yako ilinifikia tarehe 18 Agosti. Niliisoma mara moja. Nikaiweka ndani ya Biblia, kisha nikaitoa nikaiweka juu ya kabati.

Siku tano sikuwasha mashine. Siku ya sita niliwasha, saa nne kama kawaida. Mikono ilikuwa pale pale, inapanda na kushuka. Nikajaribu kuiona kuwa ni yako, nikashindwa. Nikajaribu kuiona tena kuwa ni yake. Ilikuwa glovu. Nikabonyeza W, ile herufi ya kwenda mbele. Naijua kwa kumtazama yeye, kidole chake kilikuwa kimeshaifuta rangi. Mikono ikatembea juu ya zile mbao, ikaingia kwenye ukungu, na mimi sikutoa kidole. Nilibonyeza mpaka mashine ikazima. Tangu hapo haijawaka. Inanuka waya ulioungua.

Jana tumejengea kaburi. Watu walikuja, padri alikuja, saruji ilitosha. Stanley alipoiona mashine akasema, "Shemeji, si bora ungeniachia tangu Juni?" Mbuzi amewachukua. Nilikuwa nimeshamwahidi, na sikuwa na nguvu ya kumweleza kitu. Nguo zimegawanywa. Fulana ya mistari hawakuiulizia.

Nawaza sana lile daraja. Wiki tatu mwanangu alikuwa anaanguka pale, na mimi nimekaa nyuma yake na sinia langu la mchicha. Nilisikia akisema "aah", nikamwambia, acha basi uje ule. Sikuinua uso. Leo mtu akiniuliza daraja hilo ni la mbao au la chuma, sijui, na hakuna tena pa kulitazama.

Uliyoyaficha mahakamani sitayapeleka kwa mtu. Mlikuwa vijana, mlikuwa mnacheka. Sikulaani, na jina lako sijalitoa katika sala, ila linanikwama. Ritha nimemwomba asipitie tena kwangu anapokuja huko. Usinijibu.

Lakini usikae huko ukajiambia kwamba ulifanya vyema kusema. Huyo afande alikushauri vizuri. Mimi sikukuomba ukweli, Derick. Nilikuomba mashine iwake. Nilikuwa na robo saa kila asubuhi.

Mama Amosi