Duara Jekundu kwenye Kalenda

Jumatatu, 3 Machi

Asilimia tisini na moja! Nimejumlisha mara tatu, nikamwita mwalimu wa hesabu naye akajumlisha. Tisini na moja. Januari, kabla sijaanza kuwafundisha afya ya uzazi, darasa hilihili lilipata ishirini na nane kwa maswali yaleyale.

Mkuu wa shule kanishika mkono hataki kuuachia. Anasema somo hili walimu wote walilikimbia kama ukoma. Kweli! Mimi, mwanamume wa miaka hamsini na moja, nilisimama mbele ya watoto arobaini na watatu nikatamka kila neno bila kuzungusha, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi.

Siri ni chati. Nilichukua kalenda ya zamani ya ukutani, ukurasa wa Juni. Tarehe moja mpaka tano nikazipaka rangi nyekundu — hedhi. Tarehe kumi na nne nikaizungushia duara kubwa — yai limetoka, siku za hatari. Mtoto anashika anachokiona kwa macho. Wote wameinakili wakaenda nayo nyumbani.

Wakili kapata mia kwa mia. Tunamwita hivyo kwa sababu hakubali jambo mpaka abishane nalo. Mama yake ndiye fundi cherehani anayetushonea sare. Atafika mbali yule.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu kapagawa. Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya wazazi, anataka chati ichorwe ukutani, pale kwenye mabomba, kubwa kama mlango. Wakili ataieleza kwa kipaza sauti. Na mimi nitasema machache.

Nimemwambia mama watoto. Kasema "hongera" huku anamenya vitunguu, halafu kaniuliza kama nimekumbuka sabuni. Haya. Nabii hakubaliki kwao.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nane fundi kaleta sare za watoto wa maigizo. Kaziweka mezani, kaniomba nifunge mlango. Nikadhani anataka kulalamikia vipimo. Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne. Chati yangu! Mwandiko wa Wakili, rangi ya Wakili, imebandikwa selotepu pembeni isichanike.

"Mwalimu, nihesabie tena. Labda nimekosea mimi."

Mwishoni mwa Januari aliacha vidonge vya uzazi wa mpango. Vilikuwa vinamuumiza kichwa, na binti yake alikuwa kamweleza chati vizuri, hatua kwa hatua, kama mwalimu mwenyewe. Tangu hapo kila ikikaribia tarehe kumi na nne anamhamishia mumewe kwenye kochi la sebuleni, siku tatu kabla na siku tatu baada. Hajakosea hata mara moja. Na siku zake hazijaja tangu Januari.

Nikamuuliza — masikio yanawaka moto — huwa zinaanza lini. Akasema ishirini na mbili hivi, au ishirini na tatu.

Ishirini na mbili! Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Ukianzia hapo, siku ya kumi na nne inaangukia tarehe nne, tano ya mwezi unaofuata. Nikamuuliza, tarehe tano Februari baba Wakili alikuwa wapi?

"Kitandani kwake, Mwalimu. Angekuwa wapi tena?"

Nilitaka ardhi inimeze. Halafu akaniambia lililobaki. Ameshazaa kwa kupasuliwa mara tatu. Mara ya mwisho, miaka mitano iliyopita, alivuja damu mpaka ndugu wakaitwa kuaga. Daktari aliwaambia yeye na mumewe, uso kwa uso: mimba nyingine itaondoka na wewe.

Nikamwambia nini mimi? Nikamwambia nitaangalia. NITAANGALIA! Mtu mzima mwenye shahada. Na yeye akanishukuru, akaniuliza koti langu la Jumamosi lipunguzwe mikono au liachwe hivyohivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi getini wavulana wanataniana: leo ndiyo leo, wanawake wote wa dunia hatarini! Wanacheka. Jana ningecheka nao.

Nikaingia darasani nikaandika ubaoni swali moja tu. Mwanamke ameanza hedhi tarehe ishirini na mbili. Yai lake linatoka lini? Karatasi arobaini na tatu. Moja haina kitu. Arobaini na moja: tarehe kumi na nne. Ya Wakili: "Tarehe kumi na nne ya mwezi unaofuata," kapigia mstari kwa rula.

Hakuna hata mmoja. Hata mmoja!

Nimefukua maandalio yangu ya Januari. Neno lipo, mstari mmoja: hesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu. Nililisema mara moja, kwa mdomo, kengele inalia. Kwenye chati halipo. Kwenye mtihani sikuliuliza. Nimeuliza maswali ishirini ambayo chati inayajibu, watoto wakanisomea chati, nami nikajipigia makofi.

Mchana nikavuka barabara kwenda zahanati. Muuguzi kanisikiliza mpaka mwisho, kavua miwani. Hata angehesabu sawasawa, kasema, siyo kila mwanamke ana mzunguko wa siku ishirini na nane, na homa tu au wasiwasi vinazisogeza. Nani alikwambia aliyekatazwa kuzaa anaachiwa kalenda? Kisha kasema aletwe upesi. Akipimwa mapema, daktari bingwa atajua la kufanya. Wanaokufa ni wale wanaojificha mpaka tumbo lionekane.

Nikaenda mpaka dukani kwa fundi. Cherehani inakwenda, Wakili kasimama na rula anafanya mazoezi ya hotuba yake, mama mtu anamsahihisha: inua uso, mwanangu. Sikuvuka kizingiti. Nikarudi.

Nimemwomba Mkuu chati isionyeshwe kesho; hata sababu hakusikiliza, anasema tusiharibu shughuli, ukuta umeshapakwa rangi. Tuongee Jumatatu.

Mama watoto nilipomweleza habari ya kochi alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipofika kwenye maneno ya daktari akaketi. Kasema: "Ungeniuliza mimi, baba. Miaka ishirini na miwili tunalala kitanda kimoja, hujui siku zangu zinaanza lini?"

Sijui. Haki ya Mungu, sijui.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tano na robo, ofisi ya walimu. Mkuu katangaza mapumziko, watu wako nje kwenye viti wananong'ona.

Wakili alieleza kama maji. Makofi, vigelegele. Nikaitwa mimi. Nikapanda na karatasi ya shukrani mfukoni na sikuitoa. Nikauliza: nyumbani, nani anaitumia chati hii? Nilitegemea wanne, watano. Nimuite fundi kando baadaye, taratibu, aibu isiwe kubwa.

Mikono, jamani! Safu kwa safu! Akina mama wanacheka wanafunika midomo, akina baba wanawainulia wake zao mikono. Nilifika sitini nikaacha kuhesabu. Nikageuka — Mkuu mwenyewe, meza kuu, mkono juu, anatabasamu. Na fundi, safu ya mbele, kitambaa kipya kichwani.

Nikasema: chati ina kosa. Kosa ni langu.

Wakili bado yuko pale na rula yake. "Kosa lipi, Mwalimu?" Anataka kubishana, si unamjua. Nikamwambia tarehe kumi na nne si ya wanawake wote, kila mmoja anahesabu kuanzia siku yake mwenyewe. Akaitazama chati. Midomo ikawa inahesabu. Ishirini na mbili, ishirini na tatu... Akakomea hapohapo. Akageuza shingo polepole akamtazama mama yake. Siku za mama yake anazijua. Kochi analijua, ndiye anayetandika. Na la daktari analijua, ndiye aliyembeba mdogo wake zile wiki sita mama akiwa hospitali.

Mkuu akaninyang'anya kipaza sauti.

Sasa wako hapa. Mlango sikuufunga. Wakili kaingia bila hodi, kamshika mama yake mkono. Halii.

"Mwalimu, mama atakufa?"

Fundi hajamwambia anyamaze. Kasimama nyuma yake na yeye anasubiri jibu. Naandika ili nisiwatazame, na Wakili kasogea mpaka mezani, anasoma ninachoandika: muuguzi kasema mama aletwe upesi, twendeni sasa hivi.