Mlango wa Upande Wako

Baba,

Jipu bado tunalo. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza gari kabla ya kuuliza watu. Mama anaendelea, anakula kidogo, na hajakubali nigawe makoti yako.

Tangu tukuzike kuna mlio. Kila nikishuka ile barabara mbovu ya kutoka Mukuyuni peke yangu, nasikia upande wako tik, tik, kama mtu anayevuta kishikio cha mlango kutoka ndani. Unajua mimi si mwoga. Lakini siku ya kwanza nilisimamisha gari nikashuka, nikakaa kwenye nyasi mbali na gari hadi jua likapungua.

Nikajiambia ni springi. Nilitaka sana ziwe springi. Nikanunua bushi mpya Makindu, zile raba za kwenye ncha za springi, nikainua jipu kwa jeki kando ya tangi la maji, pale tulipokuwa tukishinda Jumamosi, nikagonga zile kuukuu zikatoka vipande vipande. Bolti sikuzikaza kabisa mpaka magurudumu yalipokanyaga chini. "Mwaitu, usikaze gari likining'inia, bushi zitajisokota," ulikuwa ukisema. Mwaitu, yaani mama yangu. Uliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na hata ukinigombeza uligombeza kwa adabu. Kazi ilitoka safi. Kesho yake nikapita barabara ile ile. Tik, tik.

Baba, nilijua tangu mwanzo kwamba si springi.

Unakumbuka tulipotengeneza kitasa cha mlango wako. Kishikio cha nje kilikufa miaka mingi nyuma, ukawa unafungua kwa ndani tu. Ulinifunza kujaribu kitasa mlango ukiwa wazi: sukuma ulimi wake kwa bisibisi mpaka ushike, halafu vuta kishikio uone kama utaachia. Siku hiyo nilikuwa na haraka ya mazoezi ya kwaya. Nilirudisha kava la ndani, nikaubamiza mlango, nikakuambia nimejaribu. Sikuwa nimejaribu.

Wiki tatu baadaye kifua kilikubana, nikakukimbiza hospitali. Wauguzi walisimama na kitanda upande wako, mlango ukakataa. Ulivuta. Nikasikia ukivuta. Tulikutoa kupitia upande wa dereva, juu ya gia, na ulipofika kitandani ulikuwa umeshaniacha. Watu walisema ni kazi ya Mungu. Nikaitikia amina, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema ni kazi yangu.

Jana nilifungua kava. Kile kibanio kidogo kinachoshika fimbo inayounganisha kishikio na kitasa kilikuwa kimelala chini kabisa ndani ya mlango; sikuwahi kukirudisha. Lakini fimbo ilikuwa imefungwa kwa waya, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ndani isichubue mtu. Huo ni mkono wako. Waya umekatika, naamini siku ile ulipovuta, na fimbo inagonga bati kila gari likiruka.

Kwa hivyo uliona. Uliona kosa langu na uongo wangu, ukafungua kava nikiwa kanisani, ukafunga waya ili nisiaibike. Nililia, halafu nikakasirika. Kwa nini hukunigombeza? Ungenigombeza tungetafuta kile kibanio pamoja, kazi ya dakika kumi. Mficha uchi hazai, Baba, na sisi wawili tulificha.

Nimekirudisha. Nimejaribu mlango ukiwa wazi mara nyingi hadi Mama akauliza kama nina wazimu. Leo barabara yote imekuwa kimya, na kimya hicho kimenitisha kuliko mlio. Sasa nakusikia ukivuta hata pasipo kitu cha kugonga.

Mama huniuliza kila jioni ulisema nini mwisho. Nilimwambia ulisali, na amekuwa akiishi kwa hilo. Kesho baada ya ibada nitamketisha nimwambie yote, kosa langu kwanza, halafu waya wako. Akinichukia, nitakaa hapo hapo nichukiwe.

Pumzika, Baba. Nakuahidi sitamficha hata kidogo. Nitamwambia hukusali. Uliniita mara mbili, ukaniomba nikufungulie mlango.