Mtani Haulizwi

Nzuguni, 7 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu ulinifundisha. Afya yako siiulizi. Binamu Zablon, anayekuuguza, ameniambia unapumua kwa shida. Simu hupokei, ndiyo maana naandika.

Baada ya arobaini ya Bi Stara, yule mtani wetu Mnyamwezi, bintiye Salwa alinitania: "We Mgogo, mbona vidole vyako vya miguu ni vya marehemu? Umeviiba?" Tukacheka, tukaenda kupima vinasaba. Majibu yametoka. Mimi na Salwa ni ndugu wa mama mmoja.

Nikaenda kanisani Ihumwa, nikafunua kitabu cha ubatizo cha 1981. "Mama: Loisi." Mwandiko ni wako, Mwalimu.

Siku ya msiba nilijifunga kanga ya marehemu, nikaiga kuchechemea kwake mbele ya jeneza, kama sisi Wagogo tunavyowafanyia watani zetu Wanyamwezi. Watu walivunjika mbavu. Ulikuwa umekaa pale, Baba. Na wewe ulicheka!

Andika kwa mkono wako ni nani aliyenizaa.

Mwanao,
Hilda


Ihumwa, 19 Septemba 2025

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Hujambo, na wajukuu hawajambo? Mimi nimebakiza siku chache. Hata kalamu naishika kwa mikono miwili.

Alikuzaa Stara. Mimi nilikuwa na mke, tena mwalimu na katibu wa kanisa. Yeye alikuwa binti wa mzee Swedi, ambaye angemfukuza. Mke wangu Loisi hakujaliwa mtoto. Alikwenda Kolo kwa dada yake miezi saba, akarudi na wewe mgongoni. Kitabu nilikiandika mimi.

Stara aliomba jambo moja tu, awe anakuona. Angeingiaje nyumbani kwangu mwanamke asiye ndugu, Mwislamu wa mjini? Nikamwambia: njoo kama mtani. Mtani haulizwi amefuata nini. Ndipo nikakufundisha ya kumwambia: "Rudi Tabora na mzigo wako kichwani!" Ulikuwa na miaka minne. Alicheka, akakujibu, "Ombaomba wangu huyo!" kisha akaenda uani kunawa uso. Nilimwona. Sikusema kitu, miaka arobaini.

Msibani nilicheka kwa sababu ningenyamaza, wangeniangalia.

Ulichotaka nimeandika. Nakuomba uichome barua hii, nife na heshima yangu. Njoo unione.

Baba yako,
Yotham


Nzuguni, 25 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Barua nimeipata, nimemsomea Salwa. Hakutania.

Heshima yako uliilinda kwa mdomo wangu. Ulinitia matusi kinywani nimtukane mama yangu, ukayaita mila.

Sikuichoma. Nimemtaka mchungaji aandike jina la Stara kitabuni; amesema hawezi mpaka washarika wasikie. Watasikia Jumapili, baada ya matangazo. Barua yako nitaisoma mwenyewe, kwenye spika.

Najua kitandani hutoki. Mwambie binamu Zablon akufungulie dirisha la upande wa kanisa.

Binti wa Stara,
Hilda